Vijana wanaofundisha watoto imani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 walioombwa kusaidia darasa la watoto kanisani, kwa wazazi wao, na kwa wakubwa wanaowasimamia. Darasa hilo laweza kuitwa shule ya Jumapili, mafundisho, katekisimu au Utoto Mtakatifu, kulingana na kanisa lenu. Mahali ambapo makanisa yanatofautiana katika mafundisho, nimesema hivyo, na hapo neno la mwisho ni la mchungaji au padre wenu.

Kwa nini kijana apewe kazi ya kufundisha, ilhali wakubwa wapo?

Kwa sababu kufundisha kunamkomaza. Kijana anaweza kusikiliza mahubiri miaka 10 na asijue kama ameyaelewa. Siku atakapotakiwa kumweleza mtoto wa miaka 6 kwa nini Yesu alikufa, atatambua palepale ni kipi anakielewa na kipi alikuwa anakirudia mdomoni tu. Atarudi nyumbani na maswali ambayo asubuhi hakuwa nayo, na safari hii atayauliza kwa sababu anayahitaji. Imani aliyorithi inaanza kuwa yake.

Kisha kuna watoto wenyewe. Mtoto wa miaka 7 anamtazama sana yule wa miaka 15: anavyotembea, anavyoongea, anavyokaa ibadani. Akimwona mtu mzima anasali, anaona ni shughuli ya wakubwa. Akimwona kijana anasali kwa moyo, anaona ni jambo analoweza kulifikia karibuni.

Sababu moja nisiyoikubali ni kuwapumzisha wakubwa. Kijana aliyeachiwa watoto 30 na mlango ukafungwa hajapewa uongozi, ametwishwa mzigo wa watu wengine. Vijana wengi wazuri huiacha huduma hii kwa namna hiyo, na wakishaondoka ni vigumu kuwarudisha.

Je, ni jambo jipya hili la kuwatumia vijana?

La hasha. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anaeleza kuwa Origene alianza kuwafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, huko Aleksandria akiwa na umri wa miaka 18 hivi, wakati wa mateso ambapo waalimu wengine walikuwa wamekimbia. Mwaka 1780 Robert Raikes alianzisha shule ya Jumapili mjini Gloucester, Uingereza, kwa ajili ya watoto waliofanya kazi siku nyingine zote za juma. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu kwa wazo kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Na Februari 2, 1881, mchungaji Francis Clark wa Portland, jimbo la Maine, Marekani, aliunda chama cha vijana ambamo kila mwanachama alikuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa ameona kwamba vijana wanaoburudishwa tu hawabaki.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Karoli Lwanga na wahudumu vijana wa jumba la Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Lwanga mwenyewe alibatizwa Novemba 1885. Yosefu Mukasa aliyekuwa akiwaongoza alikuwa ameuawa, na Lwanga akachukua nafasi yake ya kuwafundisha wadogo. Mei 1886, wakiwa hatarini, aliwabatiza baadhi yao, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Wote wawili waliuawa Juni 3, 1886, huko Namugongo. Lwanga alikuwa na ubatizo wa miezi michache tu, lakini alichokijua alikitoa chote.

Aanze akiwa na umri gani?

Hakuna umri mmoja. Wa miaka 12 au 13 anaweza kuwapokea watoto mlangoni, kuwaimbisha pambio, kugawa penseli, kukaa pamoja na wale wadogo wasiotulia. Wa miaka 14 au 15 anaweza kusimulia hadithi ya Biblia au kufundisha mstari wa kukariri. Wa 16 au 17 aliyekwisha kupitia hatua hizo anaweza kulibeba somo zima, mtu mzima akiwa ndani ya chumba.

Badala ya kuhesabu miaka, angalia mambo matatu. Je, watoto humkimbilia wakimwona? Je, hufika kwa wakati bila kufuatwa? Je, akirekebishwa hukasirika, au hujaribu tena? Hilo la mwisho lina uzito kuliko kipaji cha kusema.

Imani yangu bado ina mashaka. Nitafundishaje wengine?

Swali hili huulizwa na vijana walio makini, wala si dalili mbaya. Mashaka yanayouliza yana nafasi darasani, unafiki hauna. Ukifundisha jambo usiloliamini hata kidogo, watoto watalihisi, na wewe utajichukia. Basi mwambie msimamizi wako kabla ya siku ya somo: "Shikamoo mwalimu, hili la Jumapili ijayo linanisumbua." Msimamizi mwema hatakufukuza. Atakaa nawe, mlisome pamoja, na ikibidi akupe sehemu nyingine ya kufanya kwa muda.

Usilopaswa kulifanya ni kuwamwagia watoto mashaka yako. Mtoto wa miaka 8 hana pa kuyaweka. Yabebe kwa mkubwa wako.

Paulo alimwandikia Timotheo: "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako, bali uwe kielelezo kwao waaminio, katika usemi na mwenendo, na katika upendo na imani na usafi." Kielelezo ni mtu anayeonekana akitembea katika njia, hata kama bado yuko mbali na mwisho wake.

Nitaandaaje somo?

Hapa nitakaa kwa muda, maana andalio ndilo linalomjenga kijana kuliko saa ya darasani yenyewe.

Anza Jumatatu, usingoje Jumamosi usiku. Soma kifungu chenyewe katika Biblia kabla ya kufungua kitabu cha mwongozo. Kisome kwa sauti, funga Biblia, jisimulie. Utakaposahau, fungua tena. Ukishaweza kukisimulia bila kutazama, tafuta sentensi moja ambayo ungependa mtoto aende nayo nyumbani, uiandike. Kama huwezi kuipata, hujakielewa kifungu bado.

Tuchukue 1 Samweli 3. Wengi hukifundisha hivi: Mungu alimwita Samweli, Samweli akatii, nanyi mtii. Hadithi yenyewe ina mengi zaidi. Taa ya Mungu haijazimika. Kuhani Eli macho yake yameanza kufifia, mtoto amelala hekaluni. Sauti inaita, mtoto anamkimbilia mzee: "Mimi hapa, kwa maana umeniita." Eli anamwambia kalale. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo Eli anatambua kwamba Mungu ndiye anayemwita kijana, na anamfundisha maneno ya kujibu: "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia."

Sasa simama ukutani, mwambie mtoto mmoja alale kwenye mkeka upande huu awe Samweli, mwingine akae kule awe Eli, nawe ita kwa sauti ya chini. Mwache Samweli akimbie mara tatu. Watoto watacheka mara ya kwanza, mara ya pili watacheka zaidi, mara ya tatu watatulia kwa sababu Eli anabadilika. Usiharakishe hapo.

Karibu kila darasa atatokea mtoto atakayeuliza: "Kwa nini Mungu hakusema tu kwamba ni yeye?" Usikimbilie kujibu. Waulize wenzake. Mmoja atasema labda Mungu alitaka Samweli amuulize Eli. Kisha wasomee mstari wa 7, kwamba Samweli alikuwa hajamjua BWANA bado. Alihitaji mkubwa wa kumsaidia kuitambua ile sauti. Sentensi ya kwenda nayo nyumbani inaweza kuwa: Mungu huwaita hata watoto, na hutupa wakubwa wa kutusaidia kumsikia.

Umeona pia kwamba hadithi haiishii kwenye usikivu wa Samweli? Ujumbe aliopewa ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, na asubuhi aliogopa kuusema. Kwa watoto wa miaka 5 unaweza kuishia kwenye "Nena". Kwa wa miaka 10 usiifiche sehemu hiyo: mtoto alilazimika kumwambia mzee neno gumu, na mzee akalipokea. Kijana anayefundisha na mkubwa anayemsimamia nao wajisome humo.

Muda: kwa wadogo wa miaka 4 hadi 6, masimulizi ya dakika 8 au 10 yanatosha, zilizobaki ziwe nyimbo, kuchora na kuigiza. Wa miaka 7 hadi 9 wanapenda maelezo ya kina, majina, nani alikuwa mkubwa wa nani. Wa miaka 10 hadi 12 wanataka kubishana; wape nafasi.

Nikimaliza kufundisha huona nimeharibu. Je, hali hiyo itaisha?

Huenda isiishe kabisa, na wewe si wa kwanza. Mnamo mwaka 400 hivi shemasi mmoja wa Karthago, Deogratias, alimwandikia Augustino, askofu na mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, akilalamika kwamba akiwafundisha watu wanaoanza imani, maneno yake mwenyewe humchosha. Augustino alimjibu kwamba hata yeye karibu kila mara haridhiki na anavyosema, lakini akiona wasikilizaji wanavyotamani kusikia, hutambua kwamba maneno yake si baridi kama yanavyomwonekea. Akaongeza shauri la kawaida kabisa: ukiona msikilizaji amechoka kusimama, mpe kiti.

Basi tathmini somo kwa watoto. Walipokuwa wakitoka, walisema nini? Juma lililofuata walikumbuka nini?

Watoto wanapiga kelele, hawanisikilizi. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kama umewakalisha kwa muda mrefu mno. Kelele nyingi ni uchovu. Wasimamishe, waimbishe pambio lenye vitendo, wakae tena.

Pili, shusha sauti badala ya kuipandisha. Kijana akianza kufoka, watoto hugundua kwamba hana kitu kingine. Nenda karibu na anayesumbua, kaa kando yake, endelea kusimulia. Mara nyingi inatosha. Mpe kazi: ashike picha, awe mwana wa mfalme, ahesabu vikapu 12 vya mabaki ya mikate.

Usimpige mtoto. Usimwaibishe mbele ya wenzake, usimtishe kwa jehanamu wala kumwambia Yesu hampendi akifanya hivyo. Huo ni uongo juu ya Yesu, na mtoto atauamini. Kama jambo limekushinda, mwite mtu mzima. Yupo kwa ajili hiyo.

Mtoto akiniuliza nisilolijua?

Sema: "Sijui. Nitauliza, nikuletee jibu Jumapili ijayo." Kisha ulete. Ukisahau, umemfundisha kwamba maswali juu ya Mungu hayana mwenyewe. Ukilileta, hata likiwa fupi, amejifunza kwamba swali lake lilikuwa na thamani ya juma zima.

Maswali juu ya kifo yanahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto aliyefiwa akikuuliza babu yuko wapi, usibuni. Usiseme "Mungu alimhitaji", maana mtoto ataanza kumwogopa Mungu asimchukue mama. Unaweza kusema kwamba Yesu alilia rafiki yake Lazaro alipokufa, kwamba tunaamini ufufuo, na kwamba kusikitika hakumchukizi Mungu. Halafu mjulishe msimamizi ili azungumze na wazazi.

Niwaongoze watoto katika sala ya toba, au niwaite mbele?

Makanisa yanatofautiana hapa, kwa hiyo fuata utaratibu wa kanisa lenu na usianzishe wako. Jambo moja linawahusu wote: mtoto mdogo atainua mkono kwa sababu jirani yake ameinua, au kwa sababu anataka kukufurahisha. Hiyo ni nguvu kubwa uliyo nayo juu yake, nawe usiitumie kupata hesabu ya mikono. Akija mwenyewe na kusema anataka kumfuata Yesu, furahi, sali naye kwa maneno mepesi mbele ya mtu mzima, na wajulishe wazazi wake. Yesu alisema waacheni watoto wadogo waje, hakusema wasukumwe.

Taratibu za usalama ni zipi?

Zisikilizwe na kila mtu, hata pale ambapo mnafahamiana wote.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, isipokuwa pale sheria ya nchi inapoweka utu uzima mapema zaidi. Maana yake kijana anayefundisha naye ni mtoto anayepaswa kulindwa. Kwa hiyo darasa liwe na watu wazima wawili wasio mume na mke, na kijana asihesabiwe kuwa mmoja wao. Mlango ubaki wazi au uwe na kioo. Kijana asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, iwe chooni, kwenye gari au nyuma ya jengo. Mtoto mdogo akihitaji msaada wa choo, aende mtu mzima aliyepewa kazi hiyo.

Hakuna siri kati ya mwalimu na mtoto. Hakuna zawadi za chinichini. Kijana asimwandikie mtoto ujumbe wa faragha kwenye simu. Mawasiliano yapite kwa wazazi. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ruhusa ya mzazi, hata zikiwa nzuri namna gani. Kumkumbatia mtoto anayelia ni sawa akikumbatiwa mbele ya wengine na yeye mwenyewe akitaka. Kumlazimisha akukumbatie si sawa.

Na mtu mzima anayewasimamia vijana afungwe na taratibu hizohizo juu yao. Mkubwa anayependa kubaki peke yake na kijana mmoja "kwa mafunzo maalumu" asimamishwe mara moja, hata awe na cheo gani.

Mtoto amenieleza jambo zito la nyumbani. Nifanye nini?

Msikilize hadi amalize. Usioneshe mshtuko, usimhoji kama polisi, usimwambie amekosea. Mwambie umeamini kwamba jambo hili ni zito kwake na amefanya vema kusema. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie waziwazi: "Nitamwambia mwalimu fulani, kwa sababu yeye anaweza kukusaidia."

Siku hiyohiyo mweleze mtu mzima aliyeteuliwa, kwa maneno aliyotumia mtoto, bila kuongeza. Andika kile ulichosikia ukiwa bado unakikumbuka. Kama anayetajwa ni huyohuyo msimamizi, nenda kwa mwingine. Kuchunguza si kazi yako wala ya kanisa. Mamlaka za ulinzi wa mtoto za mahali hapo ndizo zenye kazi hiyo, na mkubwa ndiye atakayezijulisha. Baada ya hapo usilitangaze, hata kama ombi la maombi. Nawe pia tafuta mtu wa kuongea naye, maana mambo haya yanauma.

Msimamizi afanye nini hasa?

Awepo. Hilo ndilo la kwanza. Akae nyuma ya chumba, asiwe na simu mkononi, na asidakie neno kila kijana anapokwama. Ukimya wa nusu dakika hauui darasa. Mtu mzima anayerukia kila kosa anawafundisha watoto kwamba kijana si mwalimu wa kweli.

Wakutane mara mbili kwa kila somo: katikati ya juma kulipitia andalio, na dakika 10 baada ya darasa. Mazungumzo ya baada ya darasa yaanze na kijana kusema, si mkubwa. Kisha mkubwa ataje jambo moja alilofanya vema, kwa undani, na jambo moja la kurekebisha. Yanaweza kwenda hivi:

"Haya mwanangu, umeionaje leo?"

"Nilisahau mstari katikati, mama."

"Ulisahau, ukafungua Biblia, ukasoma. Watoto wamekuona unaifungua. Hiyo ni nzuri. Sasa, ulimwona yule wa dirishani?"

"Yule mwenye sweta nyekundu? Alikuwa ametulia."

"Alitulia mno. Hakuimba, hakuchora. Juma lijalo kaa karibu naye kabla hujaanza."

Kijana aliyeambiwa hivyo amepewa macho mapya. Juma lijalo ataingia darasani akimtafuta mmoja, na kiongozi wa watu huanzia hapo: kumwona yule ambaye hajajitokeza. Kupanga ratiba, kugawa kazi, kusimama mbele ya watu, hayo yote atayapata njiani.

Kadiri anavyokua, mpe maamuzi halisi. Achague nyimbo. Achague kati ya vifungu viwili. Aje kwenye kikao cha waalimu na maneno yake yaandikwe kwenye kumbukumbu kama ya wengine. Akitoa shauri zuri, litumieni, na mseme limetoka kwake.

Je, hatakosa ibada na mafundisho yake mwenyewe?

Atakosa, msipoweka zamu. Kijana anayefundisha kila Jumapili wakati wenzake wako ibadani atakauka baada ya muda, na hakuna atakayegundua kwa sababu bado anafika na kutabasamu. Jumapili mbili kwa mwezi zinatosha. Wakati wa mitihani, apumzishwe bila kuombwa. Awe na kundi lake la vijana la kujifunza Neno, mahali ambapo yeye si mwalimu wa mtu.

Mwanangu ana haya, haongei mbele za watu. Anafaa?

Ndiyo. Yeremia alisema, "siwezi kusema, maana mimi ni mtoto", na Mungu hakumkubalia udhuru huo. Lakini pia si lazima asimame mbele. Darasa la watoto linahitaji anayekaa sakafuni na watatu, anayepiga ala, anayetengeneza zana za kufundishia, anayejua nani hajaja majuma mawili. Mara nyingi kijana mwenye haya ndiye wa kwanza kugundua mtoto mwenye haya. Asilazimishwe, aulizwe tena baada ya miezi michache.

Mtoto wangu amekuwa na kiburi tangu aanze kuitwa mwalimu.

Hutokea. Dawa ni kazi zisizoonekana: afagie, apange viti, abaki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe. Yakobo anaonya, "msiwe waalimu wengi", kwa kuwa waalimu watapata hukumu kubwa zaidi. Msome naye mlango huo wa 3 polepole, ule wa ulimi. Wakubwa nao waache kumsifia jukwaani kila sherehe. Sifa nyingi za hadharani kwa kijana mdogo ni mtego mliomtegea wenyewe.

Kijana ameonekana akifanya jambo baya. Aondolewe?

Inategemea jambo lenyewe. Likiwahusu watoto kwa madhara yoyote, anaondolewa darasani mara moja na wahusika wanajulishwa, bila mjadala. Likiwa ni kosa la ujana, kama kudanganya, kugombana au kutukana mtandaoni, aitwe na watu wawili anaowaheshimu pamoja na mzazi, aulizwe, asikilizwe. Anaweza kupumzishwa kwa muda unaojulikana, na siku ya kurudi itajwe. Wagalatia 6:1 inasema "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole". Kijana anayeondolewa kimyakimya, akasikia habari zake kwa wenzake, mara nyingi hupotea kanisani kabisa.

Alipwe?

Hapana, lakini asigharimike. Nauli, karatasi, rangi na Biblia ya kuandalia somo vitoke kanisani. Mafunzo pia.

Mimi ni mzazi na sitaki masomo yake ya shule yaharibike.

Una haki. Kaa na msimamizi, mkubaliane Jumapili ngapi na kikao cha maandalizi kiwe lini. Kama mwanao ana juma zito, aruhusiwe kusema "juma hili siwezi" bila kuonekana amemkana Yesu. Kanisa lisilokubali neno hilo kutoka kwa kijana wa miaka 15 linahitaji kurekebishwa. Nawe msaidie nyumbani kwa jambo moja: mwambie akusimulie somo kabla ya Jumapili, umsikilize kama mtoto, uulize maswali ambayo mtoto angeuliza.

Akifika miaka 18, au akihama kwenda kusoma, inakuwaje?

Aanze kuandaa mrithi mapema. Miezi kadhaa kabla hajaondoka, achukue msaidizi wa miaka 13 au 14, amwonyeshe anavyoandaa, ampe dakika 5 za somo, kisha 10, kisha lote huku yeye amekaa nyuma. Paulo alimwagiza Timotheo vivyo hivyo katika 2 Timotheo 2:2: aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine.

Watoto waambiwe majuma matatu au manne kabla, wasiamke siku moja wakakuta ameondoka. Wawe na Jumapili ya kumuaga, wamwombee kwa maneno yao. Kanisa limpe barua ya utambulisho inayoeleza alichofanya na kwa muda gani, ili huko aendako asianze kwa kugawa penseli tena, na apatikane mkubwa huko wa kumpokea na kumpa jina la mtu wa kumpigia simu.